Mpapindi na Baridi ya Kwai

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kwai, Lushoto)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wa zamani mliokubali kuupanda mlima huu kuja kutuona, nanyi ndugu zangu tuliokula ugali wa sufuria moja,

Katibu aliponiandikia barua alinipa dakika 20 nizungumzie mti ninaouotesha nyumbani. Mwisho wa barua aliongeza ombi: nije na mche mmoja, upandwe leo mbele ya bwalo, uwe ukumbusho wa mwenzetu aliyetoka Pemba. Naona heri nilitoe jambo hili mapema, nisiwaweke watu roho juu. Mche huo sikuja nao. Kamati ilinuna kidogo asubuhi, na ni haki yake. Naomba mnisikilize kwanza, ndipo mnihukumu.

Wale tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1993 tunamkumbuka vizuri. Alikuja na sanduku la bati, mkeka wa ukili aliosukiwa na mama yake, na shuka moja. Hakuwa amepata kuona pumzi yake ikitoka mdomoni kama moshi. Mwezi wa saba, sisi wenyeji tukicheza mpira kifua wazi, yeye alikuwa amekaa jikoni na wapishi, ameikumbatia miguu yake. Tulimcheka sana. Naye, kwa kulipiza, alitusimulia habari za kwao Konde: karafuu, popo wakubwa kama paka, na mti uitwao mpapindi, unaofanana na mpopoo, wenye matunda mekundu, ambao, alisema, haumei penginepo ulimwenguni. Tulimwambia Wapemba wana maneno mengi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, na nililala kitanda cha chini yake miaka minne.

Mwaka 2017 idara ninayofanyia kazi, ambayo ni ya Muungano, ilinihamishia Wete. Wiki ya pili tu alikuja kunichukua kwa pikipiki, akanipeleka hadi Konde, na kutoka hapo tukaingia msitu wa Ngezi. Njia ile inapita kama ndani ya handaki la majani. Basi akasimama, akazima pikipiki, akanyosha kidole. "Haya, wewe uliyesema nina maneno mengi." Ndivyo nilivyouona mpapindi mara ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka karibu arobaini na shahada yangu ya utawala.

Sasa niseme kidogo mti wenyewe ni upi. Lugha yetu haina neno moja linaloikusanya jamii hii yote ya miti, na nadhani ni kwa sababu hatukulihitaji: mnazi ni mnazi, mtende ni mtende, kisha kuna mchikichi, mkindu, mvumo, mkoche, mwale na mpopoo, kila mmoja na kazi yake. Mpapindi ni ndugu yao wa msituni. Mara nyingi huota kwa mashina kadhaa pamoja, membamba, yenye pete pete kama mwanzi, yakafika mita kumi na zaidi. Huishi kivulini, chini ya miti mikubwa, mahali penye unyevu na joto lisilobadilika sana. Ngezi ni msitu wa hekta 1,440 hivi, kaskazini magharibi ya Pemba. Ukitoa msitu huo na vipande vichache vya msitu vilivyobaki kisiwani, mpapindi wa kuota wenyewe huuoni popote duniani. Mwenzetu alisema kweli tupu.

Kwa nini Pemba, tena Pemba peke yake? Unguja ilikuwa imeungana na bara zamani bahari iliposhuka, kwa maana mkondo wake ni wa kina kifupi. Mkondo wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 700. Kisiwa hicho kimekaa peke yake mamilioni ya miaka, kikawa na viumbe vyake. Na jamaa za mpapindi hawako huku kwetu. Wako Bukini, na wachache Ngazija na visiwa vyake. Bukini ina aina karibu 200 za miti ya jamii ya mnazi, karibu zote za kwao tu, wakati Afrika bara nzima haifikishi 100.

Kuhusu jina lake la kitaalamu kuna kisa kitakachowafurahisha watumishi wenzangu. Profesa Harold Moore wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliuandika rasmi mwaka 1962 akauita Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 wataalamu wakauhamisha, ukaitwa Dypsis pembana. Mwaka 2022, baada ya kuichunguza upya nasaba yake, wakaurudisha kulekule ulikotoka. Yeyote aliyehamishwa kituo mara mbili bila kuulizwa atauelewa mti huu.

Na hapa nawaomba watu wa Usambara watege sikio. Jina hilo la kwanza, Chrysalidocarpus, lilibuniwa mwaka 1878 na Hermann Wendland, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliyeijua jamii hii ya miti kuliko wengi wa zama zake. Ni Wendland huyohuyo ambaye, mwaka 1893, alilitangaza duniani lile ua dogo la zambarau la milima yetu. Mbegu zake zilikuwa zimepelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyelikuta mwaka 1892. Kwa hiyo ua hilo likaitwa Saintpaulia. Leo linauzwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, kwa mamilioni, huku kwenye miamba ya Usambara likipungua kila msitu unapofyekwa. Mtoto wa Lushoto anaweza kumaliza shule asilione.

Ule mti ambao Wendland aliutungia jina lile nao mnaufahamu, ila hamjui kama mnaufahamu. Ni ule wa Bukini wenye mashina ya manjano, unaowekwa ndani ya vyungu mlangoni mwa mabenki, mahoteli na ofisi zetu kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Ofisini kwangu upo, na mhudumu anaupangusa vumbi kila Jumatatu. Ni binamu wa mpapindi. Siwalaumu waliouleta, ni mti mzuri. Lakini nilipopiga hesabu kwamba nimekaa karibu na binamu miaka 12 pasipo kujua kwamba mwenye nyumba yuko Pemba na amebakiwa na msitu mmoja, nilijisikia vibaya. Huo ndio mwanzo wa ukaidi wangu.

Mwaka 2018 nikaanza. Sikuchukua kitu ndani ya hifadhi. Uani kwa mama wa mwenzetu, Konde, pana kichaka cha mpapindi kilichopandwa na marehemu baba yake. Nikaokota matunda 30 mekundu yaliyokomaa. Mimi ni mtoto wa Kwai, na Kwai mbegu huanikwa. Basi nikayatandaza mkekani, nikayaanika juani siku tatu kama maharage, nikayatia ndani ya bahasha ya serikali, na baada ya mwezi nikayapanda. Nilingoja nusu mwaka. Halikuota hata moja.

Mwenzetu alipopata habari alicheka hata akakaa chini. Lakini alinieleza jambo ambalo baadaye nililikuta vitabuni. Mbegu ya nchi ya kiangazi imezoea kungoja mvua. Mbegu ya msitu wa mvua haijui kungoja, kwa kuwa pale chini ya mama yake unyevu haukosekani. Ukiikausha umeiua. Inatakiwa imenywe nyama yake ikiwa mbichi, iloekwe siku mbili tatu, isuguliwe kwa mchanga, ipandwe wiki hiyohiyo.

Mwaka uliofuata, 2019, alifariki kwa maradhi. Wengi wenu mlichanga rambirambi, na familia ilinituma niwashukuru, nami natimiza leo. Siku ya hitma, watu walipokwisha tawanyika, mama yake aliniita ukumbini. Alikuwa ameweka matunda 40 ndani ya kikapu, juu ya majani mabichi ya mgomba. Akaniambia: "Mwanangu, safari hii usizianike."

Sikuzianika. Nilizimenya usiku uleule. Niliziweka ndani ya visanduku vyenye mchanga, udongo wa majani yaliyooza na makumbi ya nazi yaliyosagwa, chini ya mwembe, nikamwagilia kidogo kidogo. Mbegu ya kwanza ilichomoza baada ya wiki kumi na ya mwisho karibu miezi mitano. Hazitoki pamoja kama mahindi, kwa hiyo anayetaka kujaribu asimwage udongo mapema kwa hasira. Zilitoka 23. Jani la kwanza ni moja tu, limepasuka kati kama mkia wa mbayuwayu. Likitokeza unatamani kumwita jirani.

Mwaka 2021 nikahamishiwa Tanga. Miche mitano nikaiacha kwa mama Konde. Miche 18 nikaipitisha bandarini pamoja na cheti cha afya ya mimea, jambo lililonigharimu siku nzima na ambalo nawasihi msilikwepe, maana wadudu na maradhi ya mimea husafiri ndani ya udongo. Hapo ndipo nilipofanya kosa, na kosa ni langu mwenyewe. Tanga mjini kungeifaa miche ile vizuri kabisa. Lakini Tanga nilikuwa mpangaji wa vyumba viwili. Kwangu ni Kwai, na moyoni nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba mti wa rafiki yangu utasimama Kwai, penye shule yetu.

Ningeisoma historia ya bonde hili nisingethubutu. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani ilifungua shamba la majaribio hapa hapa Kwai. Walipachagua kwa baridi yake: tuko juu kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na walitaka kujaribu viazi, nafaka na ng'ombe wa Ulaya. Walipotaka kujaribu mimea ya joto na mvua nyingi hawakuileta Kwai. Mwaka 1902 walianzisha taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, na mashamba yake yakashuka hadi bonde la Sigi kwenye joto. Kabichi, karoti, plamu na pea tunazouza leo barabarani zinathibitisha kwamba hesabu yao kuhusu bonde hili ilikuwa sawa. Mimi, na digrii yangu, nilichukua mti wa usawa wa bahari, uliozoea mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka na usiku wa joto, nikaupandisha mlimani.

Mwaka wa kwanza ulinidanganya. Kipupwe kilikuwa chepesi. Miche 15 niliipanda bondeni karibu na kijito, chini ya migomba, nikidhani maji na kivuli vinatosha. Mitatu ilibaki ndani ya makopo ya rangi kwa kukosa nafasi. Ilisimama, ikatoa jani moja moja. Nikaanza kujigamba, na nadhani ndipo habari zilipofika kwa Katibu.

Julai 2022 ilikuja baridi yenyewe. Kipimajoto nilichokitundika kwenye mgomba kilisoma nyuzi 7 alfajiri, siku nne mfululizo. Nami sikujua kwamba bondeni karibu na kijito ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, huteremka usiku ikatuama chini kama maji. Nilikuwa nimeitengenezea miche ile kaburi. Kwa wiki mbili haikuonyesha kitu. Majani yalikuwa ya kijani, nikamshukuru Mungu. Halafu Jumamosi moja nilishika kuti changa la katikati, lile linalosimama kama mkuki, nikalivuta taratibu. Likachomoka lote, bila kukataa, kama kisu kutoka alani. Chini yake lilikuwa limeoza na kunuka. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu, hadi wa kumi na tano.

Hapo ndipo miti ya jamii hii inapotofautiana na mwembe au mkaratusi. Mkaratusi ukiukata unachipua pembeni. Shina la mpapindi, kama la mnazi, lina moyo mmoja tu, kileleni, na kila jani hutoka humo. Moyo ukifa shina limekufa, hata majani yakabaki mabichi miezi miwili mbele. Mpapindi mkubwa una mashina mengine ya kuuokoa. Mche wa miaka mitatu una moja.

Nilipanda kilima kurudi nyumbani bila kusema neno. Mama alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza. Akaniuliza, "Na ile ya makopo je?" Nikamwambia bila shaka nayo imekufa, sikuiona barazani. Akanionyesha kwa kisu. Miche mitatu ilikuwa jikoni, imepangwa ukutani hatua mbili kutoka mafigani, imeshika masizi. Alikuwa akiiingiza kila jioni baada ya chakula na kuitoa jua linapotoka, mwezi mzima, pasipo kuniambia. "Huyu ni mtu wa pwani," alisema. "Nilimwona tangu mwanzo ana baridi. Yule rafiki yako alikuwa hivyohivyo." Ndugu zangu, mama yangu hajapata kusoma kitabu chochote cha miti. Nilivuta makuti ya miche ile mitatu, kwa woga, na hakuna lililokubali kutoka.

Tangu hapo nimejifunza mengine madogo, ambayo nayataja kwa anayehitaji. Msimwagilie mche wa pwani kwa maji ya bomba ya Kwai asubuhi. Yajazwe ndoo, yakae juani hadi adhuhuri. Mkihamisha mche, hameni na udongo wake wote, kwa kuwa mizizi yake ikikatika ni kazi kuirudisha. Wala msiufukie kwa kina ili usimame imara, maana moyo ukizama udongoni unaoza. Na kama mtu wa hoteli atawafuata na fedha, kama alivyonifuata mmoja, mwambieni asubiri miti hiyo izae.

Mwaka 2023 mwenzetu mmoja wa darasa letu, mwenye shamba la michungwa Muheza, alikuja kunitembelea. Alipoiona miche jikoni alisikitika, akaomba mbili. Nilimpa kwa shingo upande. Akaipanda chini ya miti mikubwa, karibu na chemchemi. Kwa mwaka mmoja kila mche ulitoa makuti manne, yaani zaidi ya yote yaliyotoka hapa tangu nilipofika nayo. Alinitumia picha, nikaitazama kama mtu aliyempeleka mtoto shule ya bweni akaambiwa mtoto anaongoza darasa. Nilifurahi, na nikaona wivu pia.

Kwa hiyo umebaki mmoja. Unafika gotini. Mama amekwisha uzoea, na jioni huwauliza wajukuu, "Mgeni keshaingia ndani?" Ndio mche Kamati inaoutaka, na ndio nilioukatalia.

Najua hoja ya Kamati. Imenenwa kwamba mti kutoka kwao ndio ungemfaa marehemu kuliko mwingine wowote, na kwamba tungeufunika kwa magunia mwezi wa saba. Nani atafunika? Vijana hawa watamaliza, wengine watakuja, na siku moja ya likizo ya Juni gunia litasahauliwa. Mti utakufa mbele ya bwalo ukiwa na kibao chenye jina lake. Nililala chini ya kitanda cha mtu yule miaka minne nikimsikia akitetemeka usiku. Siwezi kumsimamisha nje tena. Mche wa tatu utashuka Muheza kuwafuata wenzake mvua za masika zikianza, na mama nimekwisha mwambia. Hakujibu, lakini juzi aliufuta masizi.

Badala yake nimeleta miche miwili ya mkindu, iko nyuma ya gari la Mweka Hazina. Mkindu ni wa jamii ileile, na ni mwenyeji wa milima hii. Baridi yetu inaijua. Na ule mkeka aliokuja nao mwaka 1993, tulioukalia sote mpaka ukatoboka, ulikuwa wa ukili wa mkindu. Nilimuuliza mama yake kwa simu kama itafaa. Alicheka, akasema itafaa, mradi vijana wasikate makuti machanga yote kwa mara moja.

Nimeleta miwili kwa sababu mikindu huwa na dume na jike mbalimbali, na ikiwa midogo hivi hatuwezi kujua ipi ni ipi. Shimo lililochimbwa jana na vijana wa kidato cha pili ni moja, tena limechimbwa karibu mno na msingi wa bwalo. Naomba wachimbe mengine mawili upande wa uwanja, hatua nane kati yake, yenye kina cha futi mbili, na udongo wa juu uwekwe kando urudishwe wa kwanza. Maji yamo ndani ya pipa lililo mlangoni. Yamekaa juani tangu asubuhi.